Mpunga wa Chungu, Mpunga wa Njia

Wengi huamini kwamba zao lina tabia yake: karafuu ni ya biashara, mtama ni wa chungu. Historia ya mpunga, kutoka Pemba hadi Tabora, inakanusha imani hiyo.

Tuanze Pemba. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593, kisiwa hicho kilikuwa ghala la majirani, na mchele wake ulivuka bahari kwenda kuuzwa. Karne ya 19 ikaleta mikarafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo kitovu cha zao hilo. Vilima vikatwaliwa na karafuu, mpunga ukabaki mabondeni kwa ajili ya chakula cha nyumbani, na kisiwa kilichokuwa kikiuza mchele kikaanza kuununua kutoka ng'ambo.

Unyanyembe, eneo la Tabora, safari ilikuwa kinyume chake. Wanyamwezi walikuwa na ugali wao wa mtama, uwele na ulezi. Mpunga ulistawishwa na wafanyabiashara Waarabu na watu wa pwani waliojenga matembe yao Kazeh, Tabora ya leo, katikati ya karne ya 19. Walizoea wali, na mchele wa pwani usingeweza kuwafuata.

Hesabu yake ni nyepesi. Mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 32. Posho yake ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu ya kilo. Angebeba mchele na kuula mwenyewe, mzigo ungekwisha kwa mwezi mmoja na nusu hivi. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, walikofika tarehe 7 Novemba 1857. Pembe za ndovu na nguo zilistahimili safari kama hiyo. Chakula kilipaswa kulimwa pale pale kinapoliwa.

Basi mbuga za Unyanyembe, zenye udongo mzito unaoshika maji ya masika, zikalimwa mpunga kwa ajili ya wenye matembe na wasafiri. Jembe kwa sehemu kubwa lilishikwa na watumwa, na jasho lao limo katika kila sahani ya wali iliyosifiwa na wageni.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, hesabu ya mpagazi ikafutika. Gunia halikuwa na haja tena ya kumlisha mbebaji wake njiani. Lingeweza kufika soko la mbali. Leo, katika majaluba ya Nzega na Igunga, mkulima huvuna mpunga auze, na mahindi huyaweka kwa ajili ya ugali wa watoto.

Kwa hiyo anayeuliza zao fulani ni la biashara au la chakula, aulize kwanza nani analila, yuko umbali gani, na nani anabeba mzigo. Tembe la Kwihara, karibu na Tabora, alikokaa mmisionari Livingstone mwaka 1872, linatunzwa kwa kumbukumbu yake. Tukiwapeleka watoto wa Cheyo, mjini Tabora, kulitazama, tuwapitishe na mbugani, tuwaonyeshe ardhi iliyolisha njia ile ya wapagazi, na tuwasimulie habari za walioilima bila ya kulipwa.