Nasaba ya Mbuni

Kati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua iko nchi ya Nyeri. Katika miteremko yake, Mathira, Tetu na Othaya, mbuni umelisha watoto na kuwalipia karo kwa miaka mingi. Aina mbili zilizosifika huko ni SL28 na SL34. Herufi hizo zatokana na Maabara ya Scott, Kabete, ambako aina hizo zilichaguliwa katika miaka ya 1930.

Masimulizi yalisema kuwa SL34 ilizaliwa na mti mmoja wa shamba la Loresho, Kabete, ulioitwa mbuni wa Wamisionari wa Kifaransa. Kwa hiyo ilihesabiwa katika ukoo wa Bourbon. Vipimo vya DNA vilipofanywa baadaye, mti wenyewe ulitoa ushahidi mwingine: SL34 ni jamaa wa ukoo wa Typica.

Msomaji atauliza, nasaba ya mti yamfaa nini mkulima? Yamfaa sana. Mwaka 1922 ugonjwa wa chulebuni ulitambuliwa nchini Kenya. Huozesha tunda lingali bichi, na mavuno ya mwaka mzima yaweza kupotea. SL28 na SL34 hazina kinga imara juu yake. Watafiti wa Ruiru walichanganya mbegu, wakatoa Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, aina iliyopewa jina la kilele kirefu cha mlima wetu, chenye mita 5,199. Mbuni hukawia miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Basi akoseaye mzazi hupoteza sehemu ya umri wake.

Mwaka 1977 Frederick Sanger wa Uingereza alitangaza njia bora ya kusoma herufi nne za DNA. Kazi hiyo ilidai maabara kubwa. Leo kipo chombo kienezacho kiganjani. Mwaka 2018 wataalamu wa Afrika Mashariki na wenzao wa ng'ambo walikipeleka katika mashamba ya mihogo ya Tanzania, Uganda na Kenya, wakatambua virusi papo hapo, chini ya kivuli cha mti.

Nyeri ina Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopata hati yake mwaka 2012. Kijana wa shahada ya kwanza mahali kama hapo apaswa kujifunza kwa mikono yake: achume jani changa, alisage, atenge DNA, aipitishe chomboni, kisha apange herufi katika kompyuta. Chombo nacho hukosea. Kwa hiyo mahali pamoja husomwa mara nyingi kabla ya kukata shauri. Hivyo ndivyo mwanahistoria apimavyo mashahidi wake.

Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Babu zetu waliambiwa nasaba ya miti yao, wakaamini. Wajukuu wana uwezo wa kuuliza mti wenyewe, na wajibu wa kujifunza kusoma jibu lake.