Uchina na Pwani ya Waswahili: Ushahidi wa Kitabu na wa Vigae

Vitongoji ni kijiji cha upande wa mashariki wa Pemba, si mbali na Chake Chake, na ufuko wake waelekea bahari kuu. Mwanafunzi atokaye kijiji hicho, akihudhuria mkutano wa wataalamu juu ya fasihi, historia, siasa na jamii ya Wachina, aweza kudhani kuwa amekuja kusikiliza habari za watu wa mbali tu. Kumbe sehemu ya habari za kwao imo katika vitabu vya watu hao.

Mwaka 1225 Zhao Rugua, msimamizi wa biashara ya baharini katika bandari ya Quanzhou, aliandika kitabu juu ya nchi za ng'ambo. Humo aliitaja nchi ya Cengba, jina ambalo wataalamu wengi hulifasiri kuwa ni Zanzibar au pwani ya Zenji. Alieleza kuwa watu wake hufuata dini ya Waarabu, hujifunga nguo za pamba na huvaa viatu vya ngozi nyekundu. Kwamba nchi yao hutoa pembe za ndovu, dhahabu na ambari. Na kwamba kila mwaka vyombo vya Gujarat na vya Uarabuni huenda huko na vitambaa, shaba na kaure.

Maelezo hayo ya mwisho yana uzito. Zhao hakufika Cengba. Alizikusanya habari kwa wafanyabiashara waliotia nanga bandarini kwake. Na kaure, kwa maneno yake mwenyewe, ilipelekwa na watu wa mataifa mengine. Basi Uchina na Pwani zilijuana kwanza mfano wa watu wawili wanaosalimiana kwa mjumbe.

Ardhi nayo imetoa ushahidi wake. Mwaka 1945, huko Kajengwa karibu na Makunduchi, Unguja, zilifukuliwa sarafu za Kichina zaidi ya mia moja, nyingi zikiwa za enzi ya Song. Huko Mambrui, mabakuli ya Kichina yalipachikwa katika nguzo ya kaburi. Wako waonao vitu hivi wakasema kuwa Wachina walitia maskani hapa. Hoja hiyo ni nyepesi, kwani sarafu na bakuli husafiri bila ya mwenyewe. Wala watu wa Pwani hawakuwa wapokeaji tu: katika hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, iliyogunduliwa mwaka 1984, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa Pwani, nazo ni za kabla ya zama za Zhao.

Kuonana uso kwa uso kulikuja baadaye. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme Yongle twiga, na misafara ya Zheng He ikafika Mogadishu, Barawa na Malindi. Karne nyingi zikapita. Mwaka 1961 Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na tangu mwaka 1964 madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar. Wagonjwa wa Pemba wamewazoea katika hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani.

Hapa ndipo palipo na upungufu. Mchina amejifunza Kiswahili ili azungumze na Mpemba. Lakini Mpemba atakaye kumsoma Zhao humsoma kwa Kiingereza cha Hirth na Rockhill, kilichochapishwa mwaka 1911. Swali kama Cengba ni kisiwa cha Unguja peke yake, au ni jina la visiwa na mwambao pamoja, na Pemba ikiwamo, huamuliwa na wengine kwa niaba yake. Mjumbe hajaondoka bado. Amebadili lugha tu.

Udhuru wa zamani haupo tena, kwani Kichina chafundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Confucius ilianzishwa mwaka 2013. Lugha hiyo haifai kwa biashara na ukalimani pekee. Inamfaa pia kijana wa Vitongoji atakaye kukifungua kitabu cha Zhao, ayasome yaliyosemwa juu ya watu wa pwani yake, na ayapime kwa vigae vilivyomo katika ardhi yao.