Majitu ya Mieleka na Upasuaji wa Puani

Pale Chalinze, njia panda ya Tanga na Morogoro, jamaa mrefu akishuka kwenye basi hakosi kupachikwa jina. Twiga. Mnara. Na mtu mzima akianza kubanwa na viatu na pete, wapo watakaosema karogwa. Kumbe huenda ni kauvimbe kwenye pituitari, tezi ndogo kama harage chini ya ubongo, kanakomwaga homoni ya ukuaji bila breki. Ugonjwa huo ni akromegali.

Tiba yake ilianzia kwa watu ambao majina yao mtaani hayajulikani. Mwaka 1907 kule Innsbruck, Austria, Hermann Schloffer aliikata pua ya mgonjwa, akailaza pembeni ili aufikie uvimbe wa tezi hiyo. Mgonjwa hakumaliza miezi mitatu. Mwaka 1909 Marekani, Harvey Cushing akampasua mkulima wa South Dakota mwenye akromegali, na huyo akaishi miaka mingi. Halafu, cha kushangaza, Cushing mwenyewe akaiacha njia ya pua, akarudi kufungua fuvu, na wengi wakamfuata. Miongoni mwa waliogoma ni Norman Dott wa Edinburgh, aliyejifunza kwake. Dott akamwonyesha Gérard Guiot wa Paris, Guiot akamfundisha Jules Hardy wa Montreal, na miaka ya 1960 Hardy akaingiza hadubini. Yaani bila ubishi wa watu kama Dott, njia hiyo ingeweza kufa kabisa.

Wapenzi wa mieleka wameyaona matokeo bila kujua. André the Giant alikuwa na akromegali, na moyo ulimuua mwaka 1993 akiwa na miaka 46. Big Show, ugonjwa uleule, alipasuliwa akiwa kijana, akaacha kukua, na akapigana ulingoni hadi baada ya miaka 40.

Ila upasuaji si muujiza. Uvimbe ukiwa mdogo, karibu wagonjwa wanane kati ya kumi homoni hukaa sawa. Ukiwa mkubwa ni nusu au pungufu. Vidole vinapungua uvimbe, pete inalegea, lakini taya lililokwisha kukua halirudi. Wengine humeza vidonge maisha yao yote.

Bongo, upasuaji huu wa puani unafanyika MOI, Muhimbili. Kwa mtu wa Chalinze ni kuanzia Msoga, pengine Tumbi, kisha Dar, zaidi ya kilomita 100. Kinachochelewesha zaidi ni macho ya nyumbani: uso unabadilika polepole kwa miaka, wanaokuona kila siku hawashtuki. Ndiyo maana daktari anaweza kuomba picha ya zamani, hata ile ya kitambulisho, aishike pembeni ya uso wa leo.