Mapango ya Yucatan: njia fupi na hasara zake

Mwaka 2007 wazamiaji watatu walipenya pango lililojaa maji karibu na mji wa Tulum, mashariki mwa Mexico. Baada ya zaidi ya kilomita 1 gizani, sakafu ilitoweka chini yao. Shimo hilo waliliita Hoyo Negro, yaani Shimo Jeusi. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani, na ya msichana aliyeishi takriban miaka 12,000 hadi 13,000 iliyopita, aliyepewa jina la Naia.

Umbali huo ni hatari kwa mzamiaji, kwani pangoni hakuna kuibuka juu hewa ikipungua. Ndiyo maana theluthi moja ya hewa hutumika kuingia, ya pili kurudi, na ya tatu huwa akiba. Lakini umbali huo huo ndio uliokuwa mlinzi wa mifupa. Habari zilipoenea, na mlango wa karibu ukapatikana, waliingia hata wasio na kibali, na mifupa ikavurugwa. Kuanzia mwaka 2014 wataalamu walilazimika kuitoa mifupa ya Naia.

Watalii wengi huzamia na kiongozi, pasipo kuuacha mwanga wa mlangoni. Anayekwenda mbali bila mafunzo ya mapangoni, hata akiwa hodari baharini, hutibua tope na kuipoteza kamba ya kumrudisha. Nayo mawe yanayoning'inia darini, yakivunjwa kwa kugongwa na mtungi, hayaoti tena: yaliota zama pango lilipokuwa kavu.