George ya Stamford na Njia Yake

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika Stamford, mji mdogo wa soko nchini Uingereza, iko nyumba ya wageni iitwayo George ambayo historia yake ni ufafanuzi wa maneno hayo. Jengo lake kuu husemwa kuwa la mwaka 1597. Mbele yake ilipita Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyotoka London kwenda York na Edinburgh, na njia hiyo ndiyo iliyoilisha.

Katika karne ya 18 abiria walisafiri kwa magari ya kuvutwa na farasi, na tangu mwaka 1784 magari ya posta nayo yalianza kushika njia za Uingereza. Farasi ni kiumbe, huchoka. Kila baada ya mwendo wa maili kumi hivi ilipasa waliochoka wafunguliwe na wengine wafungwe mahali pao. Kwa hiyo nyumba ya namna hii haikuwa ya kulala tu. Ilikuwa kiungo cha safari. Katika George milango miwili yaandikwa London na York: wa kusini walingoja huku, wa kaskazini kule.

Kisha yakaja magari ya moshi. Reli kuu ya kaskazini, iliyopata njia yake fupi mwaka 1852, ilipita Peterborough na kuiacha Stamford kando. Magari ya farasi yalikoma. Saisi, mwendeshaji na mpiga pembe wakapoteza riziki zao.

Lakini hasara ina sura mbili. Mji uliokosa reli kuu haukufurika viwanda, na nyumba zake za mawe hazikubomolewa. Karne ya 20 ilileta motokaa, na wageni wakarudi George, ambayo sasa ni hoteli. Mwaka 1960 barabara mpya iliuepusha mji na msongamano, na mwaka 1967 Stamford ikawa ya kwanza Uingereza kutangazwa eneo la kuhifadhiwa kwa sheria.

Leo mgeni husifu mawe na milango ile, na ni haki yake. Hata hivyo, mwanahistoria hana budi kuuliza zaidi. Milango imehifadhi majina ya miji. Majina ya saisi walioamka usiku wa baridi kubadili farasi hayakuandikwa mlangoni. Uzuri tunaourithi ulilindwa kwa ufukara wa watu hao, na deni hilo lastahili kutajwa kila jengo linaposifiwa.