Daftari la Duka la Mlimani



Mwezi uliopita tulipeleka nguo za bi harusi Lushoto. Sisi ni wawili, tulisoma kozi ya ushoni pamoja baada ya kumaliza skuli, na mpaka leo tunashona chumba kimoja. Tulivuka kwa boti, tukalala Dar, asubuhi tukapanda basi hadi Mombo. Hapo tukakodi gari, maana gauni la harusi huwezi kulibananisha na magunia ya watu.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushee, zote za kupanda. Mkono mmoja jabali, mkono wa pili bonde. Sisi watu wa visiwani hatuna mazoea ya kona zile. Tulipopita Soni mmoja wetu keshashika mfuko mdomoni, na dereva kwa huruma akasimama mbele ya duka.

Lilikuwa duka la zamani hasa. Bati lenye kutu, baraza ya saruji, milango ya mbao ya kukunja. Barazani ipo cherehani ya miguu. Ndani kuna kaunta ndefu, mizani ya mawe, sabuni za miche, mafuta ya taa, unga, betri, na khanga zimetundikwa kwenye kamba. Mzee mwenye kofia akatupokea: "Poleni na mlima, wanangu." Tukaamkia, tukanunua tangawizi ya kutuliza tumbo, na sindano na uzi mweupe, kwa sababu shanga za gauni zilianza kulegea njiani.

Hesabu ilifika shilingi 1,500. Tulikuwa na noti ya 10,000 tu, yeye hana chenji, na simu zetu hazina mtandao. Akasema, "Mtanilipa mkishuka." Kisha akafungua daftari kubwa akaandika: wageni wa Unguja, tangawizi, sindano, uzi.

Tuliona haya kidogo. "Babu, kwa 1,500 unatuandika?"

Akacheka. "Siandiki kwa kuwa siwaamini. Naandika ili nikifa usiku wa leo, wanangu wasije kuwadai zaidi."

Neno lile lilituchoma, na sababu yake tutaisema. Tulikaa barazani karibu saa nzima tukimsikiliza. Tuliporudi nyumbani tukauliza wakubwa, tukasoma, na haya ndiyo tuliyoyakusanya.

Duka ni neno tulilolipata kwa Waarabu, dukkani, na maduka ya bara mengi yana asili ya pwani yetu. Kabla ya maduka, nguo zilipanda milima ya Usambara kwa misafara. Wasambaa walikuwa na ufalme wa Wakilindi, makao yake Vuga, juu mlimani. Mfalme wao mkubwa, Kimweri ye Nyumbai, alifariki mwaka 1862. Baada yake nguvu zikateremka bondeni. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini ya mlima, njia ya wafanyabiashara wa kutoka Pangani, akapata nguo na bunduki, na akaivamia Vuga yenyewe. Habari hizi zimo katika kitabu Habari za Wakilindi, kilichoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, aliyeishi na kufanya kazi na watawala hao.

Nguo zenyewe zilikuwa zipi? Merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa Unguja na meli za Wamarekani, ndiyo maana ya jina lake. Kaniki ya rangi ya nili kutoka Bara Hindi. Na baadaye khanga, ambayo tunajivuna nayo, iliyoanza nusu ya pili ya karne ya 19 pale wanawake wa pwani walipounganisha leso kwa sindano zikawa nguo moja pana. Tukumbuke hilo tunapotundika khanga za sanduku la harusi: mwanzo wake ni kazi ya fundi.

Halafu wakaja Wajerumani. Lushoto wakaiita Wilhelmstal. Mwaka 1905 reli ya kutoka Tanga ikafika Mombo, na bidhaa zikaanza kupanda kwa wingi. Wahindi na Waarabu wakafungua maduka mpaka vijijini. Mfano mkubwa wa zama zile ni Allidina Visram, aliyetoka Kutch akiwa mtoto, akajifunza biashara kwa Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, kisha akatandaza maduka yake katika njia za misafara na reli, mpaka Uganda. Alifariki mwaka 1916.

Maduka haya yaliendeshwa kwa mkopo. Tajiri wa Unguja au Tanga alimkopesha mwenye duka, mwenye duka akamkopesha mkulima, na mkulima akalipa akivuna. Kila mmoja alimngoja mwenzake, na daftari ndilo lililowafunga pamoja.

Jambo lililotushangaza ni hili. Wakati wa Mwingereza, Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuzuia Waafrika kukopeshwa. Asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila maandishi yaliyokubaliwa na serikali, hawezi kumdai mahakamani. Maana yake daftari la Mhindi wa kijijini halikuwa na nguvu mbele ya hakimu, lakini watu waliendelea kukopa na kulipa. Wapo waliodhulumu, na wapo wenye maduka walioongeza tarakimu kwa sababu mteja hakujua kusoma. Hatutaki kuipamba historia. Hata hivyo, wengi walilipa bila polisi wala hakimu kuwagongea mlango.

Baba wa mzee wetu alikuwa fundi. Alikaa na cherehani kwenye baraza ya Mhindi, akishona nguo zilizonunuliwa ndani. Mhindi alipohama, akamuuzia fundi wake duka, kwa mkopo. Basi na hilo likaandikwa, na likalipwa kwa miaka.

Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa, nafasi yake ikachukuliwa na maduka ya ushirika. Mzee anasema baba yake alifunga milango akabeba daftari nyumbani. Hakumfuata mtu. Baadhi ya majirani walikwenda wenyewe baada ya Isha, mmoja mmoja, kulipa walichodaiwa na duka lisilokuwepo tena. Wengine hawakwenda, na majina yao yamo mpaka leo. Miaka ya uhaba ikafuata, watu wakapanga foleni kwa sabuni na khanga. Biashara ilipofunguliwa tena miaka ya 1980, duka likarudi.

Sasa tuseme sababu ya kuchomwa. Miaka miwili iliyopita tulishona nguo za harusi za binti wa shoga yetu, tuliyekaa naye chuoni tangu utotoni. Hatukuandika kitu, tuliona haya. Harusi ilipokwisha, yeye alikumbuka amelipa zaidi ya nusu, sisi tulikumbuka hajafika nusu. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Mpaka safari ile tulikuwa hatusalimiani.

Na Qur'ani tunaisoma. Aya ndefu kuliko zote, ya 282 katika Suratul Baqarah, ni ya deni: inatuamuru tuandike, dogo au kubwa, na tusichoke. Aya mbili kabla yake inatutaka tumpe muda aliyebanwa, na kwamba kusamehe ni bora zaidi. Tulizijua zote mbili, tukaziacha kwa haya.

Kwa hiyo mabibi harusi, tunawaomba. Ukimpa fundi kitambaa, muandikishane mita, bei, malipo ya kwanza na siku ya kuchukua. Vilevile mahari. Sehemu iliyoahirishwa ni deni juu ya mume, na akifariki hutolewa katika mali yake kabla ya mirathi kugawanywa. Iandikwe kiasi chake, na mashahidi wawepo. Usione haya siku ya furaha, maana siku ya msiba hakuna atakayekumbuka sawasawa.

Siku tuliposhuka Lushoto tulisimama tukalipa 1,500. Mzee akapiga mstari juu ya jina letu, akatugeuzia daftari tuone.

Tulipofika Unguja tulikwenda kwa shoga yetu. Tulimwambia kilichobaki, kiwe kingi au kidogo, tumekisamehe kwa ajili ya Allah. Alinyamaza, kisha akasema na yeye alikuwa hana hakika. Akatupikia chai. Bado hatujawa kama zamani, lakini Ijumaa iliyopita alituletea kitambaa cha binti yake wa pili. Safari hii tumeandika, yeye ameshika nakala yake na sisi yetu.