Chai Rahisi Iliyotoswa Baharini

Wengi wetu tunaoishi Marekani tumesikia kwamba watu wa Boston waliitupa chai baharini kwa sababu ilipandishwa kodi. Sivyo. Sheria ya Chai ya 1773 iliishusha bei, na ushuru ulibaki ule ule wa mwaka 1767: peni 3 kwa ratili. Ugomvi ulikuwa wa nini, basi?

Vita na Wafaransa vilivyokwisha 1763 viliiachia Uingereza deni kubwa. Mwaka 1765 Bunge la London likawatoza wakoloni wake ushuru wa stempu kwenye magazeti, hati za mahakama, hata karata. Makoloni 9 yakatuma wajumbe New York, wakasema: hatuna mbunge London, basi London haina haki ya kututoza. Wafanyabiashara wakasusia bidhaa za Uingereza, na mwaka 1766 sheria ikafutwa. Lakini siku hiyo hiyo ikapita nyingine, iliyolipa Bunge mamlaka juu ya makoloni katika kila jambo.

Kuinunua chai ile, hata kwa bei rahisi, kulikuwa kuyakubali mamlaka hayo. Ndiyo maana usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 makasha 342 yalitoswa. Aprili 1775 risasi zikaanza kulia.

Sisi tusio raia tunalipa kodi hapa bila kuwapigia kura wanaoipanga. Ndugu mliokwisha pata uraia, siku ya uchaguzi msikae nyumbani. Haki hiyo wenzenu waliidai kabla hawajaidai nchi.